Yustina wa Itigi na Majina Aliyoyafuta

Katika mji wa Itigi, miaka ile ambapo vyama vya ushirika vya zamani vilikuwa vimekufa na kila mwenye mizani alikuwa huru kununua asali, watu walimfahamu Yustina Samweli kwa kasi ya vidole vyake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapiga taipureta ya ushirika mpaka ofisi ilipofungwa. Na mume wake alipopunguzwa kazi katika reli, nyumba nzima ikawa inakula kwa vidole hivyo. Kwa hiyo mwaka 1999, wafugaji nyuki walipounda chama chao kipya na wafadhili wakakiletea kompyuta, hapakuwa na mjadala juu ya nani aketi mbele yake.

Alipelekwa Dodoma kwa mafunzo mafupi. Huko alifundishwa kuwasha, kuzima, kujaza fomu kwenye skrini na kuchapa orodha. Hakufundishwa faili hukua kwa sababu gani, wala hupunguzwa vipi. Ninaliandika jambo hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa wako waliosema baadaye kwamba Yustina alikuwa mzembe. Waliompa chombo na kumnyima maarifa yake hawajaitwa wazembe na mtu yeyote.

Kila mwanachama alikuwa na eneo lake ndani ya vichaka vile vikavu, eneo lenye nambari, ambamo yeye peke yake aliruhusiwa kutundika mizinga. Jina lake na nambari hiyo viliingizwa katika kompyuta. Kila robo ya mwaka faili lilinakiliwa kwenye disketi, disketi ikasafiri kwa treni hadi kwa kampuni iliyonunua asali, na kampuni ikachapa kadi za wanachama. Asiye na kadi hakupimiwa asali siku ya ununuzi. Eneo lisilo na jina lilihesabiwa kuwa wazi, likapewa mwombaji mpya.

Disketi ilikuwa moja tu. Ilikwenda, ikarudi, ikaandikwa upya juu ya yale ya zamani. Katibu wa chama, Bwana Urbano, alipoombwa ya pili alijibu kwamba chama si duka la vifaa. Fomu za karatasi ambazo wanachama walizijaza mwanzoni aliagiza zichomwe, maana aliona haya ofisi ya kisasa kuwa na marundo ya karatasi. Tena alitaka ile fomu ya kwenye skrini ipambwe kwa picha ya nyuki, kubwa, ya rangi, nyuma ya visanduku vya kujazia, ili wageni wakija wavutiwe. Yustina aliibandika kama alivyoelekezwa. Wageni walivutiwa.

Katikati ya mwaka 2000 faili lilikataa kuingia kwenye disketi. Skrini ilisema nafasi haitoshi, na treni ilitarajiwa jioni ileile.

“Katibu, haliingii,” Yustina alisema.

“Mbona siku zote linaingia?”

“Limekuwa kubwa.”

“Limekula nini?” Urbano alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. “Treni haimsubiri mtu, Yustina. Lipunguze.”

“Nilipunguze kwa kuondoa nini?”

“Wewe ndiye uliyesomea Dodoma. Ondoa wasiohitajika.”

Akabaki na neno hilo. Wasiohitajika ni akina nani katika chama? Akaona ni haki aanze na wale ambao hawakuwa wameonekana ofisini tangu mvua zilipoanza. Pengine wamehama, pengine wamefariki. Alikuwa mtoto wa Itigi, mjomba wake mwenyewe alikuwa mrina asali, na bado alilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Itigi analijua: mtu anayefuga nyuki kwa dhati haonekani mjini. Yuko kambini, porini, mwezi baada ya mwezi. Waliokuwa wakionekana ofisini kila wiki ni wale waliokwisha kuiacha kazi, wakabaki kufuata chai na habari.

Alifuta majina machache, akatazama ukubwa wa faili. Haukubadilika. Akafuta mengine. Haukubadilika. Akaendelea kufuta, haraka, akiwa amekwisha kuacha kuyasoma majina yenyewe, mpaka treni ikapita bila disketi.

Siku chache baadaye kampuni ilimtuma fundi wake, kijana wa Dodoma aliyeitwa Chediel. Aliketi, akafungua faili, akaguna.

“Dada, huyu nyuki nani kamweka hapa?”

“Ni nembo ya chama,” Urbano alijibu kutoka mlangoni.

“Basi nembo hii ina uzito kuliko wanachama wenu wote wakijumlishwa. Jina la mtu ni kitu kidogo mno, Katibu. Picha ndiyo iliyolijaza faili.” Aliiondoa picha, akamgeukia Yustina. “Na hivi, ulifuta majina?”

Yustina aliinamia kibodi.

“Nauliza kwa sababu ukifuta jina, programu inalificha tu machoni pako. Nafasi yake inabaki imeshikwa vilevile, ndiyo maana faili halipungui. Linapungua likibanwa. Nikishalibana, kilichofutwa kimekwenda moja kwa moja. Kama kuna jina unalolihitaji, niambie sasa nijaribu kulitafuta. Siahidi, lakini nitajaribu.”

Urbano alikuwa amesimama akichezea funguo za ofisi. Yustina alimtazama, akawaza juu ya mshahara, akawaza juu ya mume wake aliyekuwa nyumbani tangu asubuhi.

“Hakuna,” alisema.

Chediel akalibana. Faili likasinyaa, likaingia kwenye disketi na kuacha nafasi tele. Hapakuwa na haja ya kufuta hata jina moja tangu mwanzo.

Kuanzia hapo Yustina hakuwa na amani. Kwa kosa la kwanza aliweza kujitetea mbele ya nafsi yake, kwamba hakujua. Lile neno “hakuna” halikuwa na utetezi wowote. Jumapili aliketi katika benchi la nyuma kanisani, na wenzake walipoinuka kwenda kukomunika, alibaki ameinama akijifanya anamfunga mtoto viatu. Mume wake alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni uchovu.

Kadi mpya zilirudi, na maeneo yaliyo wazi yakatangazwa. Eneo la arobaini na moja lilipewa Edward, mfanyabiashara wa mafuta ya taa ambaye hakuwahi kuupanda mti wowote kwa ajili ya asali.

Siku ya ununuzi, Mzee Kefa alitokea porini akisukuma baiskeli iliyofungwa ndoo za asali kila upande. Alikuwa na ndevu za kambini na harufu ya moshi. Kwenye mizani walimrudisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Yustina.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wananiambia kompyuta hainijui. Hebu iambie ni Kefa, wa arobaini na moja.”

Yustina alijaza jina, akajaza nambari, akabonyeza. Fomu ilikataa, kwa sababu nambari hiyo ilikuwa na mwenyewe, na programu haikuruhusu wawili. Akajaribu kuongeza herufi baada ya nambari. Kisanduku kile kilipokea tarakimu tu. Urbano aliinama juu ya bega lake.

“Mwandikie mia moja arobaini na moja,” alinong’ona.

“Katibu, maeneo yetu yanaishia themanini.”

“Kompyuta itakubali?”

“Itakubali.”

“Basi lipo.”

Na Yustina akaandika. Alichapa karatasi ya muda, akaigonga muhuri, akampa mzee ambaye macho yake hayakuwa yakiona vizuri maandishi madogo. Asali ikapimwa. Jioni Kefa alirudi na kipande cha sega kilichofungwa katika majani. “Hiki ni chako,” alisema. “Leo umenitendea wema, wengine walishaanza kuniita mwizi.” Yustina alishukuru, akakiweka mezani. Hakuweza kukionja wala kukipeleka kwa watoto. Asubuhi alikikuta kimejaa sisimizi.

Mwezi uliofuata Edward alituma vibarua katika eneo la arobaini na moja. Walitungua mizinga ya Kefa, mmoja ukapasuka, nyuki wakahama. Kefa aliwakuta, akawafukuza kwa panga. Ndipo mkutano wa wanachama ulipoitwa katika ukumbi wa shule, kumshitaki Kefa kwa kuvamia eneo la mwenzake, na adhabu iliyopendekezwa ilikuwa kumfukuza chamani. Ushahidi dhidi yake ulikuwa ile karatasi yake mwenyewe, yenye muhuri, iliyosema kwamba eneo lake ni mia moja arobaini na moja.

Urbano aliinua orodha iliyochapwa. “Ndugu wanachama, kompyuta haina shemeji wala mjomba. Haimpendelei mtu. Nambari ya mzee ni hii hapa.”

“Mia moja arobaini na moja iko wapi?” sauti iliuliza kutoka nyuma.

“Labda Chunya!” Edward alidakia. “Mzee, panda lori mapema, nyuki wako wanakungoja!”

Ukumbi ulicheka. Kefa alingoja wamalize.

“Mimi nilitundika pale baba yangu alipotundika,” alisema. “Hiyo mia moja arobaini na moja siijui. Muulizeni huyu binti, ndiye aliyeniandikia. Ni mtu mwema, atawaambia.”

Yustina alikuwa ameketi pembeni kuandika muhtasari. Alisimama, kalamu bado mkononi.

“Kompyuta haikumfuta mzee,” alisema. “Nilimfuta mimi. Faili lilikuwa kubwa, nikaambiwa niondoe wasiohitajika, nikawaondoa walioko porini. Fundi aliponiuliza kama kuna jina la kutafutwa, nilisema hakuna. Eneo la mia moja arobaini na moja halipo. Niliandika nikijua kwamba halipo.”

“Kaa chini, Yustina,” Urbano alisema.

“Umesema walioko porini?” mwanamke mmoja alisimama. “Kumbe si mzee peke yake? Wengine ni akina nani?”

“Wapo wengine. Wote siwakumbuki.”

Hapo ndipo ukumbi ulipochafuka kweli. Kumfuta mtu wangeweza kulisamehe. Kumfuta usimkumbuke, hilo liliwauma, na liliwauma kwa haki.

Mkutano ulimrudishia Kefa eneo lake. Edward alipiga kelele juu ya gharama zake mpaka akachoka. Yustina alisimamishwa kazi bila mshahara, mpaka atakapowapata wote aliowafuta na kuleta majina yao. Na Urbano, aliyezichoma karatasi, aliyenyima disketi ya pili, aliyeitaka picha ya nyuki na kulibuni eneo lisilokuwepo, aliendelea kuwa Katibu, na ndiye aliyeufunga mkutano kwa kuwausia wanachama juu ya uaminifu. Ninasema wazi kwamba hiyo ni aibu. Chama kinachomwadhibu aliyekiri na kumwacha aliyenyamaza kinawafundisha watu wake wanyamaze.

Lakini Yustina mwenyewe hakuwahi kulalamika hivyo. Nilipomwambia maneno haya aliyakataa. “Katibu hakuwa na vidole vyangu,” alisema.

Kesho yake baada ya mkutano alikwenda kwa Kefa. Mzee alikuwa akichonga mzinga mpya nje ya nyumba.

“Nimekuja kuomba msamaha, mzee.”

“Fundi alipokuuliza, ulijua jina langu limo?”

“Nilijua liko, lako au la mwingine kama wewe.”

Kefa alipuliza vumbi la mbao. “Basi niache kwanza, mwanangu. Nina mizinga ya kutundika upya.”

Yustina aliazima baiskeli ya mumewe, akaanza kupita kambi moja baada ya nyingine, akiongozwa na moshi na njia za miguu. Kwenye kila kambi alijitambulisha kwa namna ileile: mimi ni Yustina wa ofisini, nimewafuta watu, nataka kujua kama wewe ni mmoja wao. Wengine walimcheka. Mmoja alimpa maji akamnyima kiti. Wengi hawakuwa na habari kabisa kwamba walikuwa wamefutwa, na ilimlazimu awaletee habari mbaya na kosa lake kwa pamoja. Aliandika majina yao, majina ya baba zao, na mahali mizinga ilipo, kwa alama za miti na mabonde, kwa kuwa nambari hakuziamini tena.

Katika nyumba moja pembezoni mwa vichaka, aliyoelekezwa na watu wa kambini, alimkuta mwanamke aliyeitwa Jesca akipepeta uwele.

“Namuulizia Nathan, shemeji. Ni mwanachama wetu.”

“Alikuwa,” Jesca alisema, akiendelea kupepeta. “Alikwenda kuuza, wakamwambia hayumo. Alisema chama kimemfukuza. Amekwenda Rungwa kulima tumbaku ya watu.”

“Hakufukuzwa. Mimi ndiye niliyefuta jina lake. Hakuwa na kosa lolote.”

Ungo ulisimama.

“Hapa kijijini wamesema aliiba asali ya wenzake. Ndivyo walivyosema, na watoto wamesikia. Huyu mkubwa ameacha kwenda shule kwa sababu ya masimango.” Aliuweka ungo chini. “Usiniambie mimi. Wako ndani. Ingia uwaambie wao, kisha twende wote kwa mwenyekiti wa kitongoji ukamwambie na yeye.”

Yustina akaegemeza baiskeli ukutani, akainama chini ya kizingiti, akaingia.