Ufunguo wa Pili

Nusu ya mtaa ilifungua milango kwa funguo alizochonga Fundi. Mlango wake mwenyewe ulikuwa na ufunguo mmoja tu. Miaka sita nyuma, alipofiwa na mkewe, alibadilisha kitasa, akachonga mmoja, akaacha. Wa pili angempa nani?

Sasa daktari kamwambia mishipa yake ya damu imekakamaa, moyo unasukuma kwa taabu, na presha haitaki kushuka. Chumvi apunguze, sigara aache kabisa, dawa ameze kila siku hata akijiona mzima.

"Kifua kikikubana, mzee wangu, ukimbizwe hospitali papo hapo. Unaishi na nani?"

"Na watu," Fundi akajibu, macho makavu.

Watu gani? Mzee mwongo yule! Chumba kimoja, kikombe kimoja, na redio anayobishana nayo taarifa ya habari ikianza. Alimpigia simu binti yake aliyeolewa mbali. "Baba, kuna jambo la haraka?" Akasema hapana mwanangu, nakusalimu tu.

Lakini hofu haikumtoka. Mwaka ule aliitwa mara tatu kuvunja vitasa vya watu walioishi peke yao, na mara zote tatu walimkuta mwenyewe keshakufa. Mmoja alilala sakafuni, hatua mbili tu kutoka mlangoni. Majirani walimsikia akigonga, wakadhani anapigilia misumari.

Basi akachonga ufunguo wa pili. Siku nne akatembea nao mfukoni, anautoa, anaurudisha. Ya tano akajikaza, akabisha hodi kwa mshonaji wa mlango wa pili, mama ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuvuka naye "habari" na "nzuri".

"Samahani, Mama. Ukiona jua limepanda na sijafungua dirisha, ingia." Akamweleza habari za moyo wake, macho kwenye cherehani.

"Sawa, Fundi." Mama akautumbukiza ufunguo kwenye kopo la vifungo, akaendelea kushona.

Kopo la vifungo! Fundi akarudi chumbani amenywea, aibu imemjaa kama mtu aliyeomba chumvi akanyimwa.

Asubuhi, akimeza dawa, akasikia kitasa kinakwaruza. Mtu anafungua kutoka nje! Tangu mkewe afe hakuwahi kuisikia sauti ile. Akasimama na glasi mkononi, machozi yanamlenga.

Ufunguo ukakwama.

"Fundi!" Ni mshonaji. "Fundi mzima unanipa ufunguo unaokwama! Na ungekuwa umeanguka humo ndani, je?"

Akamfungulia. "Sikuujaribu, Mama. Niliona haya kusimama nje ya mlango wangu na funguo mbili."

"Basi mimi nimekuja kuujaribu." Akamtilia mkononi. "Utengeneze. Na unirudishie leo leo, usije ukajifanya umesahau."

Ulitaka kusuguliwa kwa tupa mara mbili tu. Fundi akatoka nje, akafunga, akafungua, akafunga tena, kisha akaenda kubisha hodi kwa jirani, miguu mitupu.