Ndoo ya Bluu na Salamu Zangu Ndefu

Niliwaambia watu wa kijijini kwangu kwamba ndoo yao ya maji ina sumu. Wakanijibu, "Marahaba."

Sitanii. Kaa nikusimulie.

Kwetu Mnyambe maji ni roho. Kikundi chetu cha kaya thelathini kina tangi la kuvunia mvua. Linafunguliwa saa sita mchana, na wote tunachota kwa ndoo moja ya bluu yenye kamba. Ndoo hiyo haitoki pale. Ndiyo sheria, na katibu wa kuisimamia ni mimi, Faidha.

Siku hiyo nilikuwa Masasi, nimemsindikiza dada yangu kliniki. Saa tano na nusu mume wangu, Mujibu, akanipigia kutoka Tandahimba.

"Mama Shamila, ile ndoo ya bluu pale uani usiiguse. Jana nilichanganyia dawa ya mikorosho, sijaiosha."

Ndoo ya bluu? Ile ni ya kikundi!

Ndoo yetu ya nyumbani ilikuwa imepasuka, kumbe Mujibu akaazima ya kikundi kimyakimya. Mimi alfajiri nikaikuta uani, nikaona aibu. Katibu mzima! Nikaikimbiza tangini watu hawajaamka, nikaitundika mahali pake. Hata kunusa sikunusa.

"Baba Shamila, nimesharudisha."

"Unasemaje?"

Simu ikakatika. Salio lake limekwisha. Langu lilikwisha tangu juzi, nilikuwa na bando la intaneti tu. Nikampigia mwenyekiti, Bwana Salmini, kwa WhatsApp. Inaita tu. Nikampigia Mama Loveness, jirani niliyemwachia Shamila wangu wa miaka sita. Inaita tu.

Zamani ningekaa chini nilie. Kabla ya mnara mpya wa simu, ujumbe wa kikundi ukiutuma Jumatatu unafika Alhamisi, na taarifa ya mkutano tulikuwa tunaipeleka kwa baiskeli. Siku hizi voisi inafika hujashusha mkono. Nikamshukuru Mungu, nikabonyeza kurekodi kwenye grupu.

Hapo ndipo nilipojiponza.

Kwenye grupu yumo mama mkwe wangu, Bibi Stamili. Wamo wazee kibao. Utaanzaje na sumu kabla ya shikamoo?

Nikawapa wazee shikamoo yao. Nikawapa Waislamu asalaam alaykum, Wakristo Bwana asifiwe. Nikawapa pole waliofiwa Kitangari. Na nikwambie ukweli, haikuwa adabu tupu. Nilikuwa naizungukazunguka ile ndoo kwa aibu. Nilipokuja kuitaja, dakika mbili zilikuwa zimepita.

Nikatuma. Majibu yakamiminika.

"Marahaba, mwanangu."

"Amina, dada."

"Waalaykum salaam. Msalimie mgonjwa."

Nikashusha pumzi. Wamesikia.

Saa sita na dakika kumi ikaingia picha kutoka kwa Mama Loveness. Mtandao wa zamani ungeizungusha mpaka jioni. Huu ukaifungua hapohapo, safi kabisa: Shamila wangu, kikombe mdomoni.

Chini kaandika: "Mwanao anakusalimia. Tunakunywa maji hapa, ugali uko jikoni."

Jamani!

Kumbe hakuna aliyesikiliza mpaka mwisho. Wamesikia salamu, wameitikia, wameweka simu chini.

Nilipiga ukelele kliniki nzima ikageuka. Nikaandika: MSINYWE MAJI. NDOO INA SUMU. Nikapiga. Inaita tu. Nikapiga tena. Dada ananiuliza kuna nini, mimi napiga tu. Nilichokuwa nawaza ni kimoja: nimemuua mwanangu kwa mkono wangu, kwa kuogopa kuchekwa.

Ikaingia voisi ya Bibi Stamili.

Nilitaka kuipita. Bibi hajui kusoma, anaishi peke yake, na voisi zake ni dakika tano kila moja. Anakusalimia mpaka kuku wako. Lakini hii ilikuwa na sekunde tisa.

"Faidha, ndoo ninayo mimi. Nimekalia mfuniko wa tangi. Hakuna aliyechota, na hakuna atakayechota."

Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Bibi peke yake ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu huwa anasikiliza voisi zote mpaka mwisho. Sauti za grupu ndizo watu wake wa mchana. Kabla ya saa sita alishafika tangini na fimbo yake, na alichelewa kunijibu kwa sababu alikuwa anagombana na wenye madumu. Maji ya Shamila yalikuwa ya jana, ya mtungini kwa Mama Loveness.

Jioni nilirudi nikakiri mbele ya kikundi. Nikavuliwa ukatibu, na nilistahili. Watu walipotawanyika nikamfuata mama mkwe wangu, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Akaniinua kwanza.

"Kusalimia nilikufundisha mimi, mwanangu," akasema. "Kuficha sikukufundisha. Marahaba."

Ndugu yangu unayesoma hapa, mnara wa kwetu una kasi. Voisi yangu ilifika kijijini kwa sekunde moja. Neno moja tu ndilo lililochelewa, na nililichelewesha mwenyewe. Ukiwa na jambo la hatari, anza nalo. Salamu hazichachi.