Mbao Hamsini na Sita

Fundi Kambere wa Mabanga alikuwa na kiburi kimoja tu: miaka ishirini ya kubomoa nyumba za mbao, na hajawahi kupasua ubao hata mmoja. Huko Goma watu huhama na nyumba zao kama konokono. Parsele, yaani kiwanja, ni ya mwingine; mbao ni zako. Na vita vikikaribia, fundi wa kubomoa hula vizuri kuliko wa kujenga. Hiyo nayo tuiite baraka.

Safari hii aliyefukuzwa alikuwa yeye mwenyewe. Mwenye parsele alimpa mpaka saa sita mchana. Kambere akaanzia juu, maana kila ubao umeulalia ule wa chini yake. Akang'oa misumari, akainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe la volkano, akaandika kila ubao namba yake kwa kaa. Hamsini na sita. Zingetosha vyumba viwili kule Mugunga, ambako nguzo zilikuwa zimeshasimama. Cha pili alimwahidi mama yake, Athanasie, aliyekimbia Beni na kulala miezi mitano kwenye sakafu ya simenti ya ukumbi wa parokia.

"Mama, leo unalala kwako," alimwambia asubuhi ile.

Akazifunga mbao juu ya chukudu, baiskeli yake ya mbao isiyo na pedali, akasukuma.

Kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari watatu walizunguka sufuria ya maharagi yaliyogoma kuiva. Tangu barabara ya Sake ifungwe, makaa yalikuwa hayaingii mjini.

"Muzee, mbona mbao zako ni nyeusi hivi?"

Kiburi cha fundi kikajibu kabla ya akili. "Ni mafuta machafu ya motere, chef. Napakaa kila mwaka. Mvua haiingie, muchwa haikule."

Laiti angesema ni ukoma. Askari aliunusa ubao, akatabasamu kama bwana harusi.

"Kumbe zilikunywa mafuta! Shusha tano."

"Chef, ni nyumba ya mama yangu."

"Na sisi tulizaliwa na mama. Shusha sita."

Bariere ya pili hawakuuliza habari ya rangi; wenzao walikuwa wamewapigia simu. Walishusha kumi na mbili, wakamshukuru kwa heshima zote. Mmoja hata alimsaidia kufunga kamba.

Kule Mugunga, mke wake Fabiola alikuwa anangoja na mama mkwe, godoro limekunjwa kando yao. Kambere akahesabu mara mbili, kana kwamba mbao huzaana njiani. Thelathini na nane.

"Tuache upande moja wazi," alisema Fabiola. "Tutatundika kitenge."

"Kitenge itazuia nani, siku hizi?"

Ili kuta nne zifunge, ilibidi nguzo zisogezwe ndani na mbao zifupishwe. Athanasie ndiye aliyeokota msumeno, akamnyooshea.

"Kata, mwanangu. Miye nilishazoea simenti."

Akakata. Mama akamshikia kila ubao usitikisike, mpaka msumari wa mwisho. Chumba kikatoka kimoja, kitanda cha mume na mke kikakijaza. Kisha Athanasie akajitwika godoro lake.

"Mama, kula kwanza," Fabiola alimsihi.

"Hapana, binti yangu. Nikichelewa parokia, watanikamatia nafasi ya kando ya ukuta."