Mama Nukta na "Mimi Pia" Sitini na Mbili

Katika shule ile ya watoto wasioona, aliyeogopwa kuliko mwalimu mkuu alikuwa karani wa uchapaji. Walimwita Mama Nukta, kwa sababu kwa miaka kumi na minane alikuwa akichapa vitabu na mitihani kwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, maboksi ya karatasi nzito, na mashine iliyogonga kwa kelele hadi darasa la jirani wakasoma hesabu kwa kupayuka. Mama Nukta alikuwa hodari wa kazi. Ulimi wake nao ulikuwa hodari, tena bila mapumziko.

Kompyuta ya zamani ikafa, ikaletwa mpya, na mashine ikaanza kula mstari wa mwisho wa kila ukurasa. Mtihani wa majaribio ulitoka hivyo hivyo. Swali la sita liliuliza faida za misitu, na mstari ulioliwa ulisema: "Taja mbili tu." Watoto wakataja kumi na moja, muda ukawaishia, wakaanguka. Sasa zilibaki siku tisa kabla ya mtihani wenyewe. Mhakiki, mwalimu asiyeona ambaye huisoma kila karatasi kwa vidole kabla haijatoka, alikuwa ameanza kuitoboa mistari iliyopotea kwa mkono, kwa kibao na kalamu ya chuma: kurasa kumi na mbili, watoto thelathini na wanne. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba.

Kosa halikuwa la mashine. Lilikuwa la kiendeshi, ile programu inayoifundisha kompyuta kuzungumza na mashine, na kiendeshi hicho kilikuwa cha bure, kikitunzwa na watu wanaojitolea, kila mmoja kwao, wakishamaliza shughuli zao. Mtandaoni kulikuwa na ukurasa wa malalamiko. Mama Nukta akaufungua, akaona kichwa "Mstari wa mwisho hauchapwi", akashuka mbio hadi chini kabisa, akakuta watu wamepanga foleni ya kuandika "Mimi pia". Naye akaandika "Mimi pia". Akangoja siku nzima. Kimya.

"Wanatudharau kwa sababu tuko wachache," alimwambia mwalimu mkuu. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Basi shule nzima ikaandikishwa. Mwalimu mkuu akaandika. Mlezi wa bweni akaandika. Mpishi, ambaye maisha yake yote hajagusa kompyuta, akashikwa mkono, akaandika. Mlinzi akauliza, "Mimi pia nini?" Akaambiwa aandike tu, asilete siasa. Zikafika "Mimi pia" sitini na mbili, na tisa kati ya hizo zilitoka shule moja, jikoni ikiwemo. Mama Nukta akamalizia kwa waraka wake mwenyewe: kwamba wenye programu hiyo ni wavivu, wamelala usingizi wa pono, na machozi ya watoto yatawafika mlangoni. Ulikuwa waraka mtamu kweli. Haukusaidia chochote.

Siku ya tano Mhakiki akaomba ausikilize ukurasa huo. Kompyuta yake humsomea kwa sauti, naye husikiliza tangu neno la kwanza, kwa kuwa alikwisha kujifunza kutoamini muhtasari wa wenye macho. Mama Nukta akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Ujumbe wa tatu ulikuwa wa mtunzaji wa kiendeshi, daktari wa meno aliyestaafu. Sauti ya kompyuta ikasoma: "Nadhani nimelijua kosa. Marekebisho haya hapa. Mimi sina mashine hii, kwa hiyo siwezi kuyajaribu, na siwezi kuwapa watu kitu ambacho hakijajaribiwa. Tafadhali, mwenye mashine ayaweke, achape ukurasa mmoja, aniambie."

"Kaandika lini huyo?" Mama Nukta akauliza.

"Miaka mitatu iliyopita."

Sauti ikaendelea: mimi pia, mimi pia, mimi pia. Mhakiki akaiacha isome zote. Ilipofika ya mpishi, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mama Nukta, si ninyi mnaosema mwenye macho haambiwi tazama?"

Mama Nukta akaishusha mikono yake. Akakaa juu ya boksi la karatasi, masikio yakimwaka kwa aibu. Watu wote wale, wenye mashine zao mezani, na hakuna hata mmoja aliyechapa ukurasa mmoja.

Kuyaweka marekebisho kulichukua dakika ishirini. Mashine ikagonga, karatasi ikatoka, Mhakiki akapitisha kidole chini kabisa.

"Taja mbili tu," akasoma. Kisha akaiweka kalamu ya chuma ndani ya droo, akaifunga.

Mama Nukta akaandika: "Nimejaribu. Imefanya kazi. Unisamehe kwa waraka wangu." Jibu likaja hata hajainuka kitini: "Asante sana. Leo hii nitayatoa kwa watu wote. Waraka wako niliusoma mara mbili. Nilikuwa naangalia kama umesema umejaribu."

Mtihani ukachapwa, mistari yote mahali pake. Kesho yake asubuhi mwalimu mkuu akaingia chumba cha uchapaji, kifua mbele.

"Nimewaandikia tena wale watu," akasema. "Safari hii herufi kubwa tupu."

"Mkuu, kosa limesharekebishwa. Imeandikwa palepale, juu ya hapo ulipoandika. Hukusoma?"

"Nisome yote yale? Muda huo ninao?"

Mhakiki akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika. Mama Nukta hakucheka. Maneno yale aliyajua vizuri. Mpaka juzi yalikuwa yake.