Oveni ya Mama Ritha

Mdomo wangu ndio ulioniponza, simlaumu mtu. Ritha alisema tu kwamba kwao Mtinko kuna jiko la umeme, mjomba wake aliliacha alipohamia Dodoma, na oveni yake imekufa siku nyingi. Mwenye akili angesema pole. Mimi nikasema, "Kazi ndogo hiyo, nitamtengenezea mama."

Nilikuwa na sababu. Nilitaka kumwoa Ritha, na mama yake alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Kila nikienda ananipa uji, ananitazama, basi. Nikaona akila mkate uliotoka humo, atanikataaje?

Jumamosi nikafika Mtinko na begi la vifaa na koili mpya, ule waya wa kupashia oveni joto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, nakimbia mashineni kusaga mara moja."

Akaondoka. Kha! Nami nilitaka anione nikifanya kazi.

Nikazima swichi kubwa, nikavuta jiko kutoka ukutani, nikafungua bati la nyuma. Lo! Panya walikuwa wamefanya karamu. Waya umegugunwa mpaka shaba inaonekana, koili imekatika, chini maganda ya alizeti yamejaa.

"Panya wa kwenu wanakula vizuri," nikamwambia Ritha, nikayafagia. Wala sikujiuliza alizeti yenyewe imetoka wapi.

"Hufungui mlango wa mbele?"

"Mlango ni wa mpishi," nikamjibu. "Kazi ya fundi iko huku nyuma."

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hapo sitaki mtu abishe. Nilitoa waya mbovu nikaweka mpya unaohimili joto, nikachomoa koili ya zamani nikaingiza nyingine, nikapima kwa mita, nikafunga bati. Nikarudisha umeme, nikazungusha swichi ya oveni mpaka mwisho. Taa nyekundu ikawaka. Nikajiona mkwe kamili.

Haikupita muda ikaja harufu, na moshi kidogo.

"Antipasi, kuna kitu kinaungua."

"Koili mpya lazima inuke," nikasema, mikono nimeikunja kifuani. "Inaunguza mafuta ya kiwandani. Usiogope."

"Mbona inanukia kama karanga?"

"Koili nzuri hunukia hivyo."

Mungu wangu, nilisema hivyo kwa mdomo huu huu!

Mama Ritha akarudi na ndoo ya unga kichwani. Akanusa. Akaitua ndoo, akanipita, akazima jiko, akafungua mlango wa oveni kwa pindo la kitenge. Moshi ukatoka. Ndani mlikuwa na sufuria mbili zimejaa alizeti, nyeusi tii. Kumbe oveni iliyokufa ndiyo ilikuwa kabati lake, maana panya hawawezi kufungua ule mlango; wao waliambulia punje zilizodondoka tu, na hata Ritha hakuwa na habari.

"Mbegu zangu," akasema taratibu. "Nilizichagua kwa mkono. Na mvua hizo zinakuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba msamaha, nikasema nitatafuta mbegu nyingine, nitalima mwenyewe, nitapanda mwenyewe. Nilikuwa naropoka. Yeye akachukua punje, akaipuliza, akaimenya, akatafuna.

"Oveni imepona," akasema.

Akaketi kwenye kigoda. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ila machozi nayo yalikuwa yanatoka.

"Antipasi, unajua alizeti hii ilikuwa ya nini?"

"Hapana, mama."

"Nilishamwambia mjomba wake Ritha nimekubali umwoe. Nikasema msimu huu nipande, nivune, nikamue mafuta niuze, nimfanyie mwanangu send-off, sherehe ya kumuaga akiolewa."

Ritha akajifunika uso. Mimi nilisimama na bisibisi yangu mkononi, nikijihisi mjinga kuliko watu wote wa Singida.

Mama akashika sufuria kwa kitenge, akaisogeza mbele yangu.

"Kaa ule, mkwe wangu. Sherehe yenu ndiyo hii."

Nikakaa, nikala. Aibu ilinijaa mpaka masikioni, na kusema kweli, zilikuwa tamu.