Waliomlilia Fundi Bomba

Jumapili hiyo fundi cherehani alifika makaburini na jembe lake la palizi, akakuta watu asiowajua wamelizunguka kaburi la mumewe, wanalia. Juu ya udongo walikuwa wameweka nyuzi za gitaa.

"Jamani, mnamlilia nani?"

"Radi, mama," alijibu mzee mmoja aliyevaa koti la ngozi.

Radi alikuwa mwimbaji wa roki aliyejaza viwanja vya mpira. Familia ilimzika kimyakimya na haikusema wapi. Wiki hiyohiyo mume wa fundi cherehani, fundi bomba, naye aliaga dunia, akazikwa hapa, jiwe lake likiwa bado kwa mchongaji. Watu wakajumlisha yao, wakaamini kaburi hili lisilo na jina ni la Radi.

"Huyu ni mume wangu, alikuwa anazibua mabomba. Hata redio ilikuwa inamuumiza kichwa!"

Wakatazamana. "Familia imekutuma," mwenye koti akasema kwa upole. "Tunaelewa."

Alirudi nyumbani amefura. Jiwe lilipokuwa tayari akalisimamisha, lina jina la mumewe kwa herufi kubwa. Ndipo mambo yakazidi: sasa ikavuma kwamba jiwe ni la kuzuga.

Siku moja akaingia dukani kwake mama mmoja aliyebeba gauni la kupunguza kiuno, gauni ambalo halikuwa na haja ya kupunguzwa. Alikuwa dada yake Radi.

"Nisamehe, dada yangu. Mdogo wangu aliomba alale pasipojulikana. Nikiwaambia si pale, wataniuliza ni wapi."

Fundi cherehani akatoa pini mdomoni. "Kwa hiyo mimi mume wangu nimlilie kwa foleni?"

Mgeni alikaa kwenye kigoda, akalia, na mwenye duka akamwacha alie. Swali la wapi Radi amelazwa lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Gauni alilipunguza kidogo tu, ili mwenzake asiondoke hivihivi.

Jumapili iliyofuata alimkuta mwenye koti kaburini peke yake, anang'oa magugu.

"Haya, shika upande ule," akamwambia. "Lakini ukiwa hapa utasikia habari za mwenye kaburi."

Akamweleza jinsi fundi bomba alivyokuwa akibandika sikio ukutani kusikiliza maji, na alivyokuwa akicheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Mzee alipalilia, akasikiliza, hata akacheka.

"Kwaheri, shemeji," alisema alipomaliza.

Mjane hakujua kama ameaminiwa, au sasa anadhaniwa mke wa siri wa Radi. Akaenda bombani kunawa mikono.