Ushuhuda wa Mgongo

Mambo yote yalianza kwa sababu nilimshukuru Mungu mbele ya watu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, kanisani kwetu Uthiru, katika darasa la wanawake waliokuwa wakijiandaa kuvishwa kitambaa. Kwa asiyejua, kitambaa hicho cheupe cha kichwani ndicho kinachomtambulisha mwanamke kuwa mwanachama kamili wa chama cha akina mama. Hukinunui dukani ukajifunga mwenyewe. Unafundishwa kwa miezi, wazee wa kanisa wanakuhoji, kisha siku ikifika mwanamke aliyekutangulia anakufunga mbele ya kanisa zima. Wa kunifunga mimi angekuwa mama yangu mzazi. Yeye alikuwa na chake tangu nikiwa mtoto, na muda huo wote alikuwa akiingoja siku yangu. Dada yangu mkubwa alikuwa amehamia makanisa ya kuruka na kukemea pepo, kwa hiyo tumaini lote la mama lilibaki kwangu.

Mwalimu wa darasa aliuliza nani ana ushuhuda. Nikasimama. Nikasema kwamba mgongo ulionitesa hadi nikawa naomba Mungu nikiwa nimekaa kama mgeni, sasa ulikuwa umepona, na naweza kupiga magoti na kuinuka bila kushikwa mkono.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe sana!" Wakanipigia vigelegele.

Mwanamke aliyekaa mbele yangu akageuka. "Na ulitumia dawa gani, dada? Hata mimi mgongo unanimaliza."

"Hakuna dawa," nikajibu kwa furaha zangu. "Mimi huenda yoga."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Vigelegele vilikatika. Aliyeniuliza aliuvuta mkoba wake karibu naye, kana kwamba yoga inaambukiza. Mwalimu alikohoa, akasema tufungue Biblia zetu.

Naomba nieleze nilivyofika huko. Nilikuwa mhasibu katika ofisi moja katikati ya jiji, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Daktari alinipa vidonge hadi vikamwishia, kisha akaniambia nijaribu yoga. Nilicheka. Nilidhani yoga ni ya wazungu wa filamu. Lakini mgongo ukiuma hata kiburi huinama, na Jumamosi moja nikatoka Satellite, nilikokuwa nimepanga nyumba, nikaenda hadi chumba cha ghorofani karibu na Adams Arcade.

Aliyefundisha alikuwa mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu aliyezaliwa na kukulia hapa hapa Nairobi, mwembamba, mkali wa macho. Alianza kila kipindi kwa mstari mmoja wa wimbo katika lugha yake. Wengine walimfuata. Mimi nilinyamaza, moyoni nikisema Baba Yetu. Alinigundua mapema wala hakuniuliza kitu.

Mgongo ulianza kulegea taratibu. Lakini si mgongo tu ulionirudisha pale. Ni kile kimya. Kanisani kwetu kimya kilipatikana stima ikipotea tu. Pale sakafuni, macho nimefumba, niliomba kama nilivyokuwa sijaomba tangu ujana wangu, bila kumweleza Mungu habari ambazo tayari anazo. Nilikuwa na furaha, na sikuona cha kuficha.

Siku ile ya ushuhuda tuliondoka kanisani pamoja na mama. Alingoja tukafika langoni kwake.

"Maitu," akaanza. Ndivyo alivyoniita siku zote, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ilikuwa lazima uitaje hiyo kitu?"

"Niliulizwa."

"Si ungesema exercise? Kwani ungekuwa umedanganya?" Akanieleza aliyoyasikia redioni, mchungaji fulani akipigiwa simu na wasikilizaji: kwamba yale mapozi ni salamu kwa sanamu, na ukiyafanya unawafungulia pepo mlango.

"Na wewe unaamini hivyo, mama?"

"Mimi naamini nataka kukufunga kitambaa."

Habari zilikuwa zimemfikia mzee wa kanisa wa mtaa wetu hata kabla hatujala. Alipiga simu kwamba Jumapili iliyofuata angekuja kwa mama tuzungumze. Mama, ambaye hajawahi kukaa akingoja mambo yajitengeneze, alikuwa amekwisha kumwandaa. Niulizwe, niseme ni mazoezi tu, hakuna maombi ndani yake, jambo liishe, tunywe chai.

Nami nilitaka kusema hivyo. Ila nilitaka niseme nikiwa na uhakika, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi, wenzangu wa yoga walipoondoka, nilibaki nikimsaidia mwalimu kukunja mikeka.

"Mwalimu, hii yoga si ni mazoezi tu? Nataka nikiulizwa kanisani nijibu vizuri."

Aliacha kukunja. "Nani alikuambia ni mazoezi tu?"

Nikasema nilidhani hivyo.

"Sikiza. Mimi nikiinama asubuhi, si kunyoosha mgongo. Naomba. Mama yangu aliomba hivyo, bibi yangu pia. Wewe ulikuja na mgongo, nikasaidia mgongo. Mambo ya Mungu yako sikuuliza, na sitauliza. Lakini usiende kuambia watu ati kitu yangu ni gymnastics." Akaendelea kukunja, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mtu akuje kanisa yenu, akule ule mkate, aseme ni breakfast tu. Utafurahi?"

Niliteremka zile ngazi nimekasirika, na hasira ile ilikuwa juu yake yeye, si juu ya wazee wala redio. Angepungukiwa nini kunikopesha kauongo kadogo? Mwenyewe nilikuwa nimempa sentensi ikiwa tayari, kazi yake ilikuwa kuitikia.

Usiku ule nililala vibaya. Nilikumbuka hadithi za bibi yangu, ambaye wamishonari walimkataza ngoma na nyimbo za kwao wakisema ni za shetani, na leo ngoma hizo hizo zinapigwa hatua mbili kutoka madhabahuni huku mchungaji akitikisa mabega. Kwa hiyo najua kwamba kanisa huweza kukataza jambo leo na kulibatiza kesho. Hoja hiyo ilinipendeza sana, niliizungusha kichwani kama peremende mdomoni. Lakini haikunitosha. Ngoma za bibi zilipoingia kanisani, wenyewe ndio waliozileta. Yoga si ya bibi yangu. Ina wenyewe, nao wako hai, mmoja wao ananinyoosha mgongo kila Jumamosi, na ameniambia kinaganaga ni kitu gani.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili: mchungaji wa redioni na mwalimu wangu, ambao wasingekaa meza moja, walikuwa wanakubaliana. Wote wawili walisema yoga ni ibada. Mimi peke yangu, katikati yao, ndiye niliyetaka isiwe kitu, ili isinisumbue.

Mzee wa kanisa alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa mtu mpole, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyenifahamu tangu nikiwa darasa la Jumapili. Mama aliandaa chai na nduma za kuchemsha. Tukala, tukaongea habari za mvua na bei ya maziwa, kisha mzee akafuta vidole.

"Sasa, mama amenielezea. Hiyo kitu ni exercise tu, ya mgongo. Si ndiyo?"

Mama alikuwa ananitazama. Neno lililohitajika lilikuwa moja, na nilikuwa nimefunguliwa mlango hadi mwisho.

"Kwangu ni ya mgongo, mzee," nikasema. "Lakini anayenifundisha, kwake ni ibada. Ameniambia mwenyewe. Siwezi kusema si ibada."

Mama alishusha kikombe.

"Na wewe ukiwa huko," mzee akauliza polepole, "unaabudu nani?"

"Yesu. Na nikisema ukweli, huwa naomba vizuri huko kuliko hapa."

"Basi acha tu, mwanangu. Ukiniambia umeacha leo, jina lako linabaki."

"Nikiacha kwa sababu hiyo, nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa naabudu miungu mingine. Na sikuwa."

Alitikisa kichwa, si kwa ubaya. Alisema jina langu lingengoja hadi baraza la wazee lizungumze. Kisha akaomba, sala ndefu, akaitaja na ofisi yangu na mgongo wangu, na sikuweza kumkasirikia. Mama alimsindikiza hadi langoni. Aliporudi aliosha vikombe bila kunisemesha. Ningependa angenigombeza.

Baraza lilikutana, likaahirisha, likakutana tena. Siku ya vitambaa ikafika kabla hawajaamua. Jumamosi nilikuwa bado nikienda kwa mwalimu, ila sasa nilipofumba macho sikuwa tena na ile raha ya mtu asiyejua alipo. Nilijua nimekaa katika sala ya mtu mwingine, nikisali yangu, na nilimwomba Mungu anisamehe kama hapo hapakaliki. Hakunijibu.

Asubuhi ile nilikaribia kubaki nyumbani. Nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Akina mama walikuwa mbele, safu kwa safu za sare, na mama yangu kati yao. Majina yalisomwa. Kila lililoitwa, mwanamke mmoja alitoka upande wa darasa na mwingine akainuka katika zile safu kwenda kumfunga. Waliokaa kulia kwa mama waliinuka, wa kushoto wakainuka. Yeye alibaki amekaa peke yake, mikono mapajani. Nililia, na sikujali nani ananiona. Kumwumiza yeye lilikuwa jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu nilipokuwa nikitetea ukweli wangu.

Kisha akasimama. Nilidhani anatoka nje apate hewa. Lakini alifuata ile njia ya katikati, kanisa lote likimtazama, wimbo ukiendelea, hadi akafika benchi langu.

"Songa," akasema.

Nikasonga. Akakaa, akanyoosha sketi yake juu ya magoti.

"Bado nasema umekosea," akaniambia, macho yake yakiwa mbele. "Lakini kule sina mtu."

Tukakaa hivyo hadi ibada ikaisha, yeye na kitambaa chake, mimi kichwa wazi.